Televisheni Bubu ya Mzee Treadaway

Odom Springs, Alabama
9 Septemba 2013

Mwanangu Twyla,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, popote watu wa televisheni watakapokuwa wamekulaza safari hii. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba nilisambaza barua za watu miaka thelathini na minne, lakini nikishakunywa kahawa linanyamaza. Bamia zimezaa mpaka zimenishinda. Nyingine nimempa jirani yetu Ogle, ingawa ni mtu wa Bledsoe, mahasimu wetu, na hastahili.

Najua una simu, na mimi ninayo. Lakini kwenye simu hukawii kusema "Baba, naingia mkutanoni." Barua haina mkutano.

Sasa nikuulize bila kuzunguka. Jumamosi ulitangaza mechi yetu ya mpira wa Kimarekani, sisi wa timu ya Calloway, na tukashinda kwa pointi kumi na saba. Leo asubuhi nimepita dukani kwa Sessions kuchukua chakula cha kuku, na wote waliokuwa kwenye viti vya kahawa wakaniangalia kama mtu aliyefiwa. Wanasema ulirudia mara nne kwamba vijana wetu wamebahatika. Mara nne! Dub Sessions, aliyekufundisha kuendesha trekta, akaniambia, "Hollis, binti yako ameshatusahau." Nikabeba chakula cha kuku nikaondoka.

Wewe ulivalishwa jezi ya Calloway kabla hujaota jino. Tumekukosea nini, mama?

Baba yako,
Hollis


Atlanta
17 Septemba 2013

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeipata barua yako niliporudi kutoka Kentucky, nikafurahi kuona mwandiko wako kabla sijaona yaliyoandikwa. Pole na goti. Mimi mzima, ila kifua kinakereketa kwa baridi ya hotelini.

Baba, mbona sielewi? Neno "bahati" nililitumia mara moja tu, tena kwa wapinzani wenu, mpira ulipodunda ukarudi mikononi mwao. Nimerudia kuisikiliza mechi yote nikiwa nimekaa chini na kalamu. Halafu jana ofisini nimekuta barua kumi na mbili za mashabiki wa timu mliyoifunga. Zinasema mimi ni mtu wa Calloway, lafudhi yangu inanisuta, na nilikuwa karibu kuruka uwanjani na kucheza.

Bosi wangu ana hesabu yake. Anasema pande zote mbili zikilalamika, mtangazaji yuko katikati na kazi yake ni safi. Ukilalamika upande mmoja tu, ndipo anapokuwa na wasiwasi. Ameniambia nikimaliza msimu bila doa, mechi ya Novemba kati yenu na Bledsoe naitangaza mimi. Siku nitakayoonyesha nina upande, nitarudishwa kutangaza mpira wa wavu wa asubuhi.

Ndiyo maana siwezi kuwa wenu, Baba. Lakini siwachukii.

Binti yako,
Twyla


Odom Springs
7 Oktoba 2013

Mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani. Tumepata mvua, na Ogle ameanguka kutoka kwenye ngazi lakini hakuvunjika kitu, kwa sababu aliangukia bamia zangu. Kifua chako kimepona? Kunywa kitu cha moto.

Nilitaka nisiandike tena juu ya jambo hili, nimeshindwa. Wanasema Jumamosi ulicheka. Yule kijana wetu wa kupokea mikwaju aliudondosha mpira, nawe mbele ya nchi nzima ukacheka. Kijana mwenyewe ni mjukuu wa mama anayepiga kinanda kanisani kwetu. Jana yule mama hakunisalimu.

Mwanzo nilikutetea. Nilisema, "Twyla hawezi." Wakaniuliza, "Wewe hukusikia?" Nikachukua kikombe changu nikatoka. Tangu hapo kahawa yangu nainywa garini.

Kinachonivuruga kichwa ni Ogle. Huyu ni mtu wa Bledsoe, ana masikio mawili kama wengine, na anaapa kwamba unatubeba. Anasema ulimsifu mrushaji wetu mpaka yeye akaona haya. Sasa nani amesikia nini? Mko wangapi humo ndani mnaotumia sauti yako?

Baba yako anayekupenda, aliyechanganyikiwa,
Hollis


Nashville
15 Oktoba 2013

Baba,

Shikamoo. Mpe Ogle pole.

Sikucheka. Nilikohoa. Nilikuandikia mwezi uliopita kwamba kifua kinanisumbua. Kile ni kikohozi ambacho hata mtu aliye jikoni angekijua ni kikohozi, na wewe ndiye uliyekuwa ukinipaka mafuta ya kifuani kila Januari. Ungenisikia, ungejua.

Nimezisoma tena barua zako zote mbili. "Akaniambia." "Wanasema." Hakuna mahali ulipoandika "nilisikia."

Kwa hiyo nakuuliza, na nataka jibu. Hapo nyumbani, ninapotangaza, sauti ya televisheni huwa imewashwa?

Twyla


Odom Springs
8 Novemba 2013

Mwanangu Twyla,

Nisamehe kwa ukimya huu. Hakuna aliyeumwa. Nilianza barua hii mara tano. Nimezeeka nikipeleka barua za watu, na sasa nimejua kwa nini nyingine zilikuwa zikichelewa.

Hapana. Sauti huwa haijawashwa.

Unaijua sheria ya nyumba hii. Mwaka 1984 yule mtangazaji wa televisheni alimdhihaki mchezaji wetu aliyeumia, nikaenda nikaizima sauti, na mama yako akaleta redio akaiweka juu ya televisheni. Coy Lambert wa redioni akatutangazia kama mtu wa nyumbani, tukashinda. Tangu siku ile hakuna mtangazaji wa televisheni aliyesikika sebuleni kwangu. Siku hizi redio inatangulia picha kwa sekunde kadhaa. Coy anashangilia, na kwenye kioo vijana bado wameinama wanasubiri mpira. Nimezoea. Natazama jambo ambalo tayari najua limekwishaje.

Ulipopata kazi ile nilitaka kuwasha. Nakuapia. Siku ya kwanza nilishika rimoti ya televisheni kabisa. Nikawaza, nikiwasha tukafungwa, itakuwa ni kwa sababu yako, na nitakuwa na kinyongo nawe bila kutaka. Na redio ni ya marehemu Nadine. Nikiizima, mama yako naye nimemnyamazisha.

Sijakusikia ukitangaza hata mechi moja. Picha yako huwa naiona mwanzoni, ukiwa na lile koti la bluu. Nakuona midomo inatembea.

Nina aibu.

Baba yako


Atlanta
14 Novemba 2013

Baba,

Shikamoo.

Nimelia, kisha nimekasirika, kisha nimekwenda kazini. Miaka miwili, Baba. Nilikuwa nikijiambia, wakinitukana nchi nzima, pale Odom Springs kuna mtu mmoja ananisikia. Umenihukumu kwa maneno ya watu wa dukani kwa Sessions.

Nikukumbushe kitu. Nilikuwa na miaka tisa. Redio ya mama ilikufa betri katikati ya mechi ya Bledsoe, na mama alikuwa jikoni mikono yote kwenye unga. Akapiga kelele, "Nani ana mpira?" Wewe ulikuwa umeganda kama gogo. Nikamjibu mimi. Akauliza tena, nikamjibu tena, na robo nzima ya mwisho niliitangaza nimesimama mlangoni, uso kwenye kioo na sauti jikoni. Tulishinda. Ukanibeba mabegani mpaka kwa Ogle kumtambia. Kazi yangu ilianzia hapo, kwenye televisheni yako bubu.

Wamenipa mechi ya Bledsoe. Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani.

Ninaomba kitu kimoja. Washa sauti. Si kwa ajili ya Calloway. Usipowasha, sitakununia, lakini usiniandikie tena kuhusu nilichosema.

Binti yako,
Twyla


Odom Springs
2 Desemba 2013

Mwanangu Twyla,

Salamu. U mzima? Mimi sijui kama ni mzima.

Niliwasha. Redio nimeiacha palepale, imezimwa, nikaitandikia kitambaa cha mama yako ili isione. Ogle alikuja na karanga za kuchemsha, akaketi kwenye kiti cha Nadine bila kuuliza, nami nikamwacha.

Mama, una sauti nzuri. Mwanzoni sikufuata mpira kabisa, nilikuwa nakusikiliza wewe. Unavyotamka majina ya watoto wa watu, unayatamka kama mtu aliyeuliza kwanza. Nilisubiri nisikie upendeleo, sikuusikia, isipokuwa robo ya pili. Pale ulimsifu mrushaji wa Bledsoe kupita kiasi, nami nasimamia neno langu. Wakati huohuo Ogle akaniambia, "Umesikia anavyotubania?" Tulikuwa tumekaa sebule moja.

Halafu ule mwisho. Tuko nyuma kwa pointi mbili, zimebaki sekunde tatu, mpiga mkwaju wetu anausogelea mpira, akiupitisha tumeshinda. Kwa mara ya kwanza tangu 1984 sikujua kitakachotokea. Mpira ukapaa, ukagonga nguzo, ukarudi.

Na wewe ukanyamaza. Nilihesabu, moja mpaka saba. Kisha ukasema, "Bledsoe wameshinda," kama mtu anayesoma tangazo la mazishi.

Dukani wanasema furaha ilikukaba koo. Ogle anasema ulikuwa unaomboleza, na watu wa Bledsoe kila mahali wanawaandikia mabosi wako kwa hasira. Kila mmoja ana hakika. Mimi niliyekulea ndiye nisiyejua. Zile sekunde saba zilikuwa nini?

Baba yako,
Hollis


Atlanta
9 Desemba 2013

Baba mpendwa,

Shikamoo. Asante kwa kuwasha. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za nyumba, sijaingia ndani.

Mabosi nimewaambia niliwaachia mashabiki uwanja wasikike, kama tunavyofundishwa. Sijui kama wameniamini. Barua za watu wa Bledsoe zimejaa maboksi mawili. Za Calloway hakuna hata moja. Ninyi mmenung'unika kwenye kahawa, hamkuandika. Kwa hiyo upande mmoja tu umelalamika, na unaijua hesabu ya bosi. Mkataba wangu wataujadili kabla ya Krismasi.

Wewe nitakuambia ukweli, maana uliuliza.

Mbele yangu kuna kitufe cha kukoholea. Ukikibonyeza, sauti yako haitoki hewani. Msimu mzima nimekitumia kwa kifua. Mpira ulipogonga nguzo nilikibonyeza, na nikasema, "Hapana, jamani, hapana," vilevile kama mama alivyokuwa akisema, nikiwa nimefunika uso kwa mikono. Ogle yuko sahihi, na wote walioandika wako sahihi. Nilidhani nimeshaacha. Miaka yote hii nilidhani niko katikati, kumbe nilikuwa mlangoni mwa jikoni. Sasa hata mimi sijui ni mara ngapi waliosema nawabeba walikuwa wanasema kweli.

Usimwambie mtu.

Binti yako, wa Calloway,
Twyla


Odom Springs
16 Desemba 2013

Mwanangu Twyla,

Baridi imeingia, goti linasema, na mimi sijambo kuliko nilivyokuwa mwaka mzima.

Barua yako niliisoma mara tatu, kisha nikaitia kwenye jiko la kuni. Miaka thelathini na minne posta sikuwahi kuharibu barua ya mtu. Hii ni ya kwanza.

Kisha nikavaa kofia yangu ya Calloway nikaenda dukani kwa Sessions, nikaingia ndani, nikaketi. Nikawaambia, "Mlisema kweli. Binti yangu anatuchukia. Nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe." Nikasema, "Na ninyi ni watu wa maneno tu. Bledsoe wanaandika, ninyi mnakunywa kahawa." Nikatoa karatasi, kalamu na stempu. Waliandika mpaka mchana, Twyla. Dub ameandika kurasa nne kuhusu kile kikohozi anachokiita kicheko. Yule mama wa kinanda amewakusanya wenzake wa kwaya. Kufikia Jumamosi tulikuwa na barua mia mbili na kumi na moja, nikazipeleka posta mwenyewe ili zisichelewe.

Na yangu imo. Nimewaeleza mabosi wako kwamba huyu Twyla Haskew wenu ni mtu wa Bledsoe wa wazi, na kwamba zile sekunde saba alikuwa akishangilia moyoni. Ni bahati hukulirudisha jina letu la Treadaway ulipoachana na yule bwana, sahihi yangu haitakusuta.

Ogle alinisubiri kwenye uzio. Akasema, "Hollis, yaani ni wetu kweli?" Nikamwambia ndiyo, mchukueni. Alifurahi mno, akaenda kuandika barua ya pili kuifuta ile ya kwanza. Nilimwonea huruma.

Juzi ulikuwa ukitangaza timu mbili za huko kaskazini, sizijui hata rangi zao. Ogle alikuja na karanga. Sikujua nimshangilie nani, kwa hiyo nilikushangilia wewe.

Sauti sijaishusha. Krismasi njoo, bamia za siki zipo kwenye chupa.

Baba yako,
Hollis