Kitabu Kinene cha Komanda

Asmani, usinipigie, nitalia mbele ya watu.

Unakumbuka ile liste ya vitabu vya vita vya majini Komanda aliyotupa sisi maofisa? Vitabu alivitoa kwake nyumbani, akajigamba amevisoma vyote mara tatu. Mimi nikachukua kile kinene. Leo ilikuwa zamu yangu kukieleza.

Sikukifungua hata siku moja! Nilisoma maneno ya nyuma ya jalada tu. Nikapiga domo dakika kumi, nikasema sura ya mwisho iliniliza. ILINILIZA, Asmani.

Komanda akasema, "Safi kabisa. Lete nikione."

Kumbe ni vile vitabu vya Kifaransa vya zamani, kurasa zimeshikana pembeni, mpaka uzikate ndiyo usome. Hakuna hata mmoja uliokatwa.

Akakiinua wote waone. "Luteni wetu anasoma kwa kunusa." Wenzangu walicheka mpaka wakapiga meza.

Halafu akaagiza jikoni kisu cha kuparia samaki wa mukeke, kiko na magamba bado. "Kata. Zote. Sisi tunangoja."

Nimekata nikiwa nimesimama. Kila nikipumzika: "Kata! Hata mama muuza ndagala wa Magara angekisoma kwanza kabla ya kukifungia samaki."

Sasa sikia. Ukurasa wa kwanza kuna jina lake, kwa mkono wake, na mwaka alipokinunua: 2009.

Mara tatu, Asmani. Mara tatu!

Nikainua macho. Akaona kwamba nimeona.

Barua yangu ya uhamisho iko inaandikwa sasa hivi.