Karani wa Berlin Afika Guangyuan

Kaka Idrisa, shikamoo. Huku joto linanata mwilini kama shati lililoloa. Leo tukisubiri marobota yetu yapimwe, hapa mtaa wa Guangyuan Xilu, Guangzhou, tunakonunulia bidhaa za kupeleka nyumbani, niliwasomea wenzangu tafsiri yangu ya ile kejeli ya Kijerumani ya miaka mia iliyopita, ya karani anayekataa kutoa cheti cha kifo mpaka marehemu aje mwenyewe kusaini. Mhakiki wa wakati huo aliandika kwamba nje ya Berlin hakuna atakayeielewa, nawe ulimuunga mkono. Mama Zuhura, muuza viatu wa Tanga, hata hakucheka. Alikunja uso kama aliyekumbuka makontena yake yaliyokwama kwa kukosa mhuri, akauliza, “Huyo karani siku hizi wamemhamishia bandari gani?”

Kwa hiyo mhakiki wako kashindwa; kitabu chote nakitafsiri, kaka. Tafuta miwani, wa kwanza kukisoma ni wewe.

Mdogo wako akupendaye, Rehema