Shangazi wa Kukodi

Itumbe,
Kisii.
11 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Haron,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na baba yako na mama yako, na kila anayelala chini ya paa lenu huko Tanga. Mko salama? Magoti ya kaka yangu yanaendeleaje? Mwambie aache kujifanya kijana. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, nao tumeshazoeana. Mvua imetukumbuka, chai inachipua vizuri, na migomba imezaa hadi imebidi kuiwekea miti ya kuegemea. Kwa hiyo soma haya ukijua kwamba shangazi yako halali njaa.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu baba yako hakukufundisha Ekegusii, na hilo nalo nitamwuliza siku moja uso kwa uso. Usicheke Kiswahili changu cha milimani. Ningekupigia simu, lakini mambo haya nikiyasema kwa mdomo nitatukana, na mzee wa kanisa letu ni jirani yangu.

Nimechukizwa, Haron. Nimechukizwa hadi chakula hakina ladha.

Unajua nilistaafu umatroni pale shule ya wasichana, na muda si mrefu mume wangu Mogire akatangulia mbele ya haki. Watoto wana kazi zao mbali. Nikabaki na nyumba kimya na redio. Kuchuma chai mgongo umekataa. Basi nikasema nitafute kazi ya nusu siku tu, siku chache kwa wiki. Sikuwa nataka utajiri. Nilitaka mahali ambapo siku nisipofika, mtu atauliza Bitutu yuko wapi. Ukikaa mjane bila kazi, unaweza kupotea na hakuna atakayegundua isipokuwa kuku.

Sikujua kwamba mtu mzima akitafuta kazi anageuka kichekesho. Katika duka moja kubwa mjini Kisii nilipanga foleni na bahasha yangu. Msichana wa mezani akaipokea, akaniambia kwa upole kwamba waombaji waje wenyewe, wasitume mama zao. Nikamwambia mwombaji ni mimi. Akamwita mwenzake aje anione. Walijitahidi wasicheke, na kule kujitahidi ndiko kulikonikera zaidi.

Shule moja ya binafsi nayo ilikuwa inatafuta matroni wa zamu. Mkurugenzi, kijana wa suruali ya kubana, akasema wasichana wa siku hizi wanataka mtu wa kisasa. Mimi niliyelea wasichana wa watu, nikawauguza malaria na kuwapangusa machozi ya mitihani, leo si wa kisasa. Wanaumwa na tumbo la kisasa? Nilichukua bahasha yangu nikaondoka bila kuaga.

Aliyenikataa kwa adabu ni mmoja tu, Abdikarim mwenye duka la dawa karibu na soko. Alitaka mtu wa kumkalia dukani Jumamosi, na Jumamosi ni Sabato yangu. Akaniambia yeye mwenyewe hufunga duka Ijumaa mchana kwenda msikitini, kwa hiyo hawezi kunilaumu, lakini Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja. Mkewe Janat akanipa chai ya tangawizi, tukaongea kama watu. Ndiye aliyenielekeza kwa kijana anayeitwa Anyona, akidhani ananifanyia wema. Janat simlaumu, hakujua.

Anyona ana ofisi ghorofani. Anakodisha mahema, viti, spika, keki na maua. Nilidhani anataka mtu wa kuhesabu vyombo. Aliponiona aliinuka kitini, akanizunguka mara moja, akasema, "Mathe, hebu cheka kidogo nione meno."

Nikacheka kwa mshangao. Akauliza kama Kizungu changu kiko sawa, nikamjibu kwa Kizungu cha matroni. Akafurahi. Ndipo akanieleza kwamba siku hizi familia zikipeleka posa zinataka wazee wenye sura, wanaojua kushika uma na kisu na kuongea bila kuaibisha watu. Wasio nao anawakodishia. Baba mdogo anaye, mjomba anaye, babu anao wawili. Alikuwa amekosa shangazi.

Nilitaka kuondoka, nakuapia. Lakini akasema familia yenyewe ni ya watu wema wa Gesima, na shangazi halisi yuko Amerika, amekosa ruhusa ya kusafiri, naye ndiye aliyeomba atafutwe mtu wa kumkalia kiti. Nikawaza, kama mwenyewe ameomba, ubaya uko wapi? Nami nilikuwa nimechoka kuambiwa hapana. Hii ilikuwa "ndiyo" ya kwanza kuisikia tangu nianze kuzunguka. Anyona huwa anachagua watu wa mbali wasiotambulika, ndiyo maana mtu wa Itumbe akamfaa kwa kazi ya Gesima.

Jumapili iliyopita wakanichukua asubuhi hadi kwa Obwocha, baba wa bwana harusi, mtu wa biashara Nairobi. Nikavalishwa kitenge cha kushonwa na viatu vya kunibana, nikapewa na karatasi ya Anyona ya maagizo: nicheke lini, nijiite nani. Kilemba kilikuwa kikubwa, sikujua kukifunga. Mwanamke mmoja akaitwa kutoka jikoni anisaidie. Alikuwa amevaa gambuti, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, na kila aliposema neno alifunika mdomo kwa mkono. Alinifunga kile kilemba taratibu, akanirekebisha shingoni, akaniambia nimependeza. Hakuna aliyenijulisha kwake. Nikamchukua kuwa mfanyakazi, nikamshukuru, tukaondoka.

Nyumba ya bibi harusi iko upande wa mjini. Walitupokea vizuri mno. Babu zangu wa kukodi walikaa wima, Kizungu kikatembea, Obwocha akatabasamu. Kijana wake Onyiego peke yake ndiye aliyekuwa anaangalia sakafu. Nami nilikuwa nacheka pale nilipoagizwa kucheka.

Kisha bibi yake msichana, mzee mnyamavu aliyekaa pembeni, akanigeukia. Akaniuliza kwa lugha yetu lile swali ambalo kila mwanamke wa Kisii ameulizwa tangu aolewe: nilizaliwa wapi, mimi ni binti wa nani.

Haron, hilo swali mtu halifikirii. Linajibika lenyewe. Miaka yote niliyoishi kwa watu wa Mogire, mtu akiniuliza nilizaliwa wapi moyo unaruka, kwa sababu huenda ni mtu wa kwetu. Nikasahau kilemba, nikamsahau Anyona na maagizo yake. Nikasema mimi ni binti wa Manga, nikamtaja baba, nikamtaja babu, nikapanda hadi kwa mkubwa wa ukoo wetu. Nikataja kwa fahari, na sauti juu.

Babu wa msichana akaweka kikombe chini, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Huyo mkubwa uliyemtaja ndiye wetu pia. Baba yangu alihama Manga akaja hapa. Kama wewe ni shangazi wa damu wa kijana huyu, basi huyu ni mtoto wetu. Tutamwozaje dada yake?"

Msichana akashika mdomo. Ilibidi Obwocha asimame, na jasho linamtiririka, aseme mbele ya wote kwamba mimi si dada yake, kwamba ukoo wao ni mwingine kabisa, kwamba nilikodiwa. Nilitamani sakafu inifunike. Kuitwa mtu wa kukodi mbele ya watu wa damu yangu mwenyewe, ambao kumbe nilikuja kuwadanganya! Yule babu wa msichana hakufoka. Aliuliza tu, "Na dada yako yuko wapi?"

Obwocha akaanza kusema yuko Amerika. Onyiego ndiye aliyemkatiza. Akainua uso kwa mara ya kwanza, akasema, "Yuko nyumbani, babu. Ndiye alinilea mama alipokufa. Tumemwacha jikoni kwa sababu hana meno ya mbele."

Sitaeleza sura ya kila mtu. Walitupa chakula, maana mgeni hafukuzwi na njaa. Wakatuambia turudi nyumbani, tuje siku nyingine na watu wetu wenyewe, wenye meno na wasio nayo. Posa ikasimama hapo.

Tulirudi Gesima jua likiwa bado juu. Njia nzima Obwocha alinilaumu mimi, eti sikusoma maagizo. Nilimwacha aongee. Nilikuwa namfikiria yule mwanamke wa jikoni.

Anaitwa Nyakerario. Alitoka akifuta mikono kwenye nguo, akanipa nguo zangu, alikuwa amezikunja vizuri. Wanaume wakapita ndani bila kumtazama. Akanivuta pembeni ya ukuta, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni mrefu? Ana sauti nzuri? Anampenda kweli kijana wangu?"

Alikuwa anasubiri tangu asubuhi amwulize mtu. Mtoto alimlea yeye, mchumba wake nikamwona mimi, mpita njia, kwa sababu nina meno. Kinyaa kilichonipanda hapo sijapata kukionja. Nilivua kile kilemba, nikamwambia msichana ni mrefu, anaongea polepole, na anampenda. Kisha nikamwambia watu wa kule wamekataa kuendelea hadi afike shangazi mwenyewe. Wameulizia habari zake, nikamwambia, babu mzima ameuliza yuko wapi.

Alisahau kufunika mdomo. Akacheka hadi machozi, hapo kwenye ukuta, na gambuti zake.

Anyona alinipigia siku iliyofuata. Nilidhani ananigombeza, kumbe ana kazi nyingine: mazishi, wanataka mama mdogo wa kulia. Anasema kulia hakuna maswali ya ukoo. Nilimwambia akamlilie mamake akiwa hai, nikakata simu. Kwa hiyo sina kazi bado. Kesho kutwa nakwenda kwenye zahanati moja ya misheni, wanataka mtu wa kupokea akina mama wajawazito asubuhi. Huenda nao watatafuta wa kisasa. Nitakwenda hivyo hivyo.

Sasa nije kwa lililonifanya nishike kalamu. Mama yako aliniambia kwamba mwakani mnapeleka posa yako, na kwamba umesema shangazi asisumbuliwe, safari ni ndefu na umri umekwenda, yuko mama wa rafiki yako hapo hapo Tanga, mtu wa ofisini, atakaa mahali pangu. Najua ulisema kwa huruma. Obwocha naye huenda alianza kwa huruma.

Haron, usimweke mtu kwenye kiti changu. Mgongo utafika Tanga, ukifika umeumia utakaa umeumia. Kiswahili changu kitawachekesha wakwe zako, waache wacheke. Wakiuliza shangazi ni nani nitasimama mwenyewe na kumtaja baba yangu, na baba yake, na safari hii kila neno litakuwa la kweli.

Nisalimie kaka yangu Angwenyi na mama yako, na umwambie namshukuru kwa kuninong'oneza. Lorna wa jirani anawasalimu, ameniletea maboga mawili leo. Mungu awafunike nyote, akupe mke mwenye moyo, na awape wakwe zako subira ya kunisikiliza.

Ni mimi akupendaye, na ambaye hakodishwi tena,

Shangazi yako,
Bitutu