Nywele za Mkia wa Harusi

Baba yangu,

Mwezi uliopita ungenicheka mpaka ukohoe. Nilikuwa nimeshika mkia wa Harusi, ng'ombe wako, huku daktari wa mifugo aking'oa nywele pamoja na mizizi yake. Chama cha wafugaji kinataka kipimo cha DNA kabla ya kumwandikisha kuwa ng'ombe wa maziwa wa mbegu safi ya friziani. Siku hizi rangi nyeusi na nyeupe haitoshi.

Unakumbuka siku mama yake Harusi alipoingia joto? Ilikuwa ile Januari ya vurugu za uchaguzi. Barabara zilifungwa, na mtu wa kupandisha ng'ombe kwa sindano hangeweza kufika mtaa wetu wa Silanga. Wewe na ubishi wako ukasema tumpeleke mtaa wa Kawangware, kwa fahali wa rafiki yako Baba Njeri. Mama alilia. Sisi Waluhya, Baba Njeri Mkikuyu, na mji unawaka kwa vita vya makabila.

"Ng'ombe hangoji serikali," ukamjibu, ukashika kamba.

Njiani vijana wenye mapanga walitusimamisha. "Mzee, nyinyi ni kabila gani?"

"Mnauliza mimi ama ng'ombe? Huyu ako na joto. Nampeleka kwa bwana."

Halafu mmoja akaangua kicheko: "Wacheni wapite, hiyo ni harusi!"

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ng'ombe, Baba. Wewe ulikuwa unapiga mluzi.

Baba Njeri alitufungulia geti, akatupa chai, na mwanawe Kamau akamshika ng'ombe wetu. Ndama alipozaliwa ukamwita Harusi. Mpaka unatuacha, wimbo wako ulikuwa mmoja: "Huyu lazima mumwandikishe."

Juzi majibu yalikuja. Yule fahali hakuwa friziani safi. Damu ya Harusi imechanganyika, haandikishwi. Niliumia sana, kwa sababu hilo tu ndilo uliloniachia nikufanyie.

Mjukuu wako, mwenye jina lako, alikuwa anasikiliza nikiyasoma. "Mama, hata mimi damu yangu imechanganyika?"

Nikamtazama. Pua ni yako kabisa. Macho ni ya baba yake, Kamau yule yule aliyemshika ng'ombe wetu.

"Imechanganyika," nikamwambia.

"Kwa hivyo hata mimi siandikishwi?"

Wewe ungempa jibu la kuchekesha mtaa mzima. Mimi nilimbeba tu, nikaenda naye kumkamua Harusi, na nikatamani sana sauti yako.

Pumzika, Baba. Hata bila kuandikishwa, Harusi hauzwi.

Ni mimi binti yako, niliyetembea nyuma ya ng'ombe.