Chelimo Hapangi Foleni ya Wanawake

Shangazi Nyanchoka,

Nisaidie kabla kichwa changu hakijapasuka. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Boito, nilipewa kipaza sauti nitangaze pale kituo cha kuuzia majani chai kwamba nesi anakuja kupima kansa ya mlango wa kizazi, basi nikaita "kina mama wote", wasichana wakasema wao si mama, na wale ambao hawakujaliwa watoto wakaenda zao kimya, nikaona nimewaumiza, nikabadilisha nikasema "wanawake", hapo sasa jirani yangu Chelimo akawaka moto, kwa sababu yeye hakuzaa, akaoa mke, Janeffer, kwa desturi yetu sisi Wakipsigis ya mwanamke asiyezaa kuoa mwanamke mwenzake, akatoa ng'ombe, kwa hivyo kwa hilo boma bwana ni yeye na kwa mikutano anaketi na wazee, akaniuliza mbele ya watu, "Wewe, ni mimi unaita mwanamke?" Nikaogopa, nikatangaza "watu wote wazima", na siku ya nesi, Shangazi, wakaja wanaume kumi na mmoja wamevaa makoti, Kipkurui akiwa mbele anauliza kama ni lazima kutoa viatu! Nesi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sicheki, maana Janeffer ameniambia Chelimo anatokwa damu tangu Krismasi, na mwezi aliacha kuona zamani sana. Nesi anarudi Jumanne. Nimwite Chelimo nani ndio akubali kuja?

Mwenye Kipaza Sauti, Boito

Wewe Mwenye Kipaza Sauti,

Pole, lakini aibu yako! Mtu anatokwa damu tangu Krismasi na wewe unatafuta jina la kumwita?

Tangazo si gumu, ni wewe unaona haya. Taja kiungo chenyewe: "Kila mwenye mlango wa kizazi, pale mtoto hupitia akizaliwa, awe amezaa ama hajazaa, ameolewa ama ameoa, aje." Mchungaji wa kanisa akikohoa kwa aibu, mpe maji. Kipkurui akitokea tena, mpe kikapu akachume chai.

Lakini Chelimo hatakuja kwa tangazo, hata uliimbe. Kesho asubuhi nenda kwake, bisha hodi kama kwa mzee yeyote, ukipewa mursik, yale maziwa lala ya kibuyu, kunywa yote. Halafu sema wazi: "Mzee, damu ikirudi baada ya mwezi kukoma, hiyo ni hatari, inaweza kuwa kansa. Nesi atakupima peke yako, mlango umefungwa, kabla watu hawajafika." Hujaongea na nesi? Basi ongea naye leo.

Akikataa, usibishane na yeye. Nyamaza, umwachie Janeffer nafasi amwambie kwa mdomo wake kwamba hataki kuwa mjane.