Sahani Yako Bado Iko Kwangu

Yaya wangu mpendwa,

Barua hii haina boti ya kuipeleka, najua. Naiandika kwa Kiswahili chako cha Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, siyo kile changu cha kuuzia samaki kilichokuchekesha mpaka ukashika mbavu. Nikikosea, cheka tu. Ningetoa nini nisikie kicheko kile tena!

Mwaka wa tisini na nane, vita ilipoanza tena kwenu, wewe na mama mukwe wako mulilala kanisani kwetu hapa Nchelenge, upande wa Zambia, mukingoja lori la kuwapeleka kambini. Mimi ndiye niliyewaongoza wamama wa kanisa. Nilikuletea bukari, ugali wenu, na chisense, dagaa wetu wa ziwani, kwenye sahani yangu, halafu nikanyoosha mukono nikuombee, kama mukubwa anavyomuombea mutoto. Wewe ulikula kwanza. Ukaosha sahani, ukaifuta na kitenge, ukaweka kiganja chako ndani yake na kuniuliza, "Mama Chanda, Chanda yeye iko wapi?"

Hakuna mutu aliyekuwa akiniuliza. Wenzangu waliniita Bana Chanda, ndiyo Mama Chanda kwa lugha yetu, kila siku, na walijua nimemuzika, lakini kwao lilikuwa jina tu. Nikakuambia surua ilimuchukua akiwa na miaka minne, na tangu siku ile naomba mbele ya watu kwa mudomo tu, moyo hauko. Ee, mimi kiongozi! Sijui kwa nini nilikuambia wewe, mugeni. Ukamutaja Chanda kwa Mungu, polepole, kisha ukanitaja na mimi. Ukanipa sahani kwa mikono miwili: "Kwetu sahani hairudiaka bule." Hairudi tupu.

Nililia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa. Siku ile ndiyo nilianza kukuita Yaya, dada mukubwa, neno ambalo kwenu na kwetu ni moja.

Lori likachelewa wiki baada ya wiki. Kila sahani niliyokuletea ilirudi na kitu: vijiti vitatu vya kuni, majani ya maboga uliyopewa na jirani, na siku za kukosa kabisa, maombi. Asubuhi moja nikakuona unazunguka kando ya maji na sahani yangu, mugongo umeinama, unatafuta cha kutia. Ukarudi na ua moja la majini. Moyo wangu uliuma. Nikajisemea, jamani, huyu namutesa. Kuanzia kesho yake nikakuletea chakula kwenye jani la mugomba. Jani linatupwa, halidai kurudishwa. Nilijiona mwema sana.

Siku ya tatu ukauliza, "Mudogo, sahani yako ilivunjika?"

"Hapana, Yaya. Nakupunguzia kazi."

Ukaliangalia jani. "Nyumba, nilipoteza. Shamba, nilipoteza. Kubariki ndiyo ilibakia." Ukala nusu, ukalikunja jani. Nikadhani umechoka. Ujinga wangu huo, Yaya, ndio unaonila mpaka leo.

Asubuhi iliyofuata hukuwepo. Mama mukwe wako akasema umevuka na wavuvi, umeenda kuchimba muhogo kwenye shamba lako. Nilimwambia utarudi siku ile ile. Zikapita wiki mbili. Ndipo mvuvi mumoja wa kisiwa cha Chisenga akasimama mulangoni kwangu na sahani yako mwenyewe, ile ya bati yenye ukingo wa buluu, kitu pekee ulichokimbia nacho. Imefungwa kwa kitenge. Ndani, unga wa muhogo umejaa mpaka juu. Uliloweka, ukaanika, ukatwanga, katikati ya vita!

"Anasema ni ya Mama Chanda," mvuvi akasema. "Yeye anakuya na bwato ya kesho."

Bwato hiyo, boti ya kesho yake, haikufika. Wengine wanasema upepo, wengine askari. Mama mukwe wako alipandishwa lori akiangalia ziwa.

Tangu hapo nasikia sahani ikiwekwa mezani, nikienda naikuta palepale nilipoiacha. Nikiona mwanamke ameinama kando ya maji nakimbia, na akigeuka inabidi nimuombe radhi. Nikifumba macho kuomba, sauti yako inamutaja Chanda. Zamani ulikuwa unanitaja na mimi baada yake. Sasa unanyamaza hapo. Naogopa, Yaya. Naogopa uliondoka na uchungu juu yangu.

Unga wako niliufungia miaka miwili, nikiuanika juani usiharibike, sikuthubutu kuupika. Mwezi huu wamefika wengine kutoka kwenu, na watoto wenye njaa. Nikaupika. Tukala pamoja kwenye sahani yako. Baadaye mwanamke mumoja akaiosha, akaniletea. Ndani ameweka nyanya moja, imepondeka upande. Nilipiga magoti kuipokea. Nikamwambia aniombee, naye akaniombea, akinitaja jina. Majani ya mugomba siyagusi tena, Yaya, na wamama wenzangu nimewakataza.

Nisamehe. Nilikunyima kitu kimoja ulichobaki nacho, nikaita ni upendo.

Lakini sahani hii ni yako, na unga tumeumaliza. Haiwezi kurudi bule. Kila Jumamosi naijaza na kwenda nayo mpaka majini, nikiangalia boti zinazotoka ng'ambo. Niambie tu, Yaya, niirudishe kwa nani?

Mudogo wako anayekungoja,
Mama Chanda