Kifua cha Inchi Thelathini na Mbili

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako na naomba unisitiri, jina usilitoe, kwa sababu mtaani kwetu mimi ni mtu wa kuheshimiwa, kazi ya fundi cherehani naifanya mwaka wa ishirini na sita huu, na makuruta wote wa jeshi wanaotoka wilayani ni mimi ninayewapima na kuwashonea sare.

Shangazi, baba yangu alizaa watoto tisa, vita vilipokuja wawili wakaenda, mmoja hakurudi, baba akalia, kisha akanyanyuka kwa sababu nyumbani bado tulijaa mpaka tunalala mzungu wa nne. Mimi ninaye mmoja tu, kama majirani zangu wote siku hizi, maana shule yetu ilikuwa na vyumba vitatu vya darasa la kwanza na leo kimebaki kimoja, nacho kimejaa watoto wa watu wa kuja. Na kwenye mikutano ya mtaa mimi ndiye nilikuwa nasimama kusema kwamba nchi inatuponyoka, wageni wametujaa, siku mpaka wa nchi ukichafuka hawa watafungasha usiku na kutuacha, nani atabaki kuilinda? Nilikuwa napigiwa makofi.

Basi mpaka umechafuka. Mtaa wetu ulipewa nafasi kumi na wa kwanza kujiandikisha alikuwa mwanangu, ana miaka ishirini na mbili, hakuniuliza, alinisikia mkutanoni akaniamini. Sharti ni kifua kisipungue inchi thelathini na nne, chake ni thelathini na sita, nami mbele ya karani nikatamka thelathini na mbili, karani akaandika bila kushtuka maana futi ni yangu na neno ni langu. Mwanangu akakataliwa. Nafasi yake kapewa binti wa jirani, mtoto wa pekee wa mjane muuza viatu, watu wa kuja, hao hao.

Nikadhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza, kwa sababu mwanangu anaamini kweli kifua chake ni kidogo, kila asubuhi anapiga pushapu uani, anakula mayai manne, na kila Jumamosi anakuja dukani, "Baba, hebu nipime tena," nami namzungushia futi, ncha zake sizikutanishi, naacha pengo mgongoni nalifunika kwa kiganja, namwambia, "Bado kidogo, baba." Shangazi, kifua kimefika thelathini na nane na kiganja changu hakitoshi tena. Na jana yule mjane kaja kuchukua sare ya bintiye, anaondoka Jumatatu, akaniambia, "Fundi, nirudishie mshono mara mbili, huko hana wa kumshonea." Nimeshindwa kumtazama. Je, nimwambie mwanangu, au ninyamaze mpaka vita viishe, au niseme futi ilikuwa mbovu?

Ni mimi, Mzalendo Niliyekwama.

SHANGAZI ANAJIBU

Mzalendo, pole. Nakupa pole moja, itunze vizuri, maana sina nyingine.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ulitaka nchi ilindwe, ila ilindwe na watoto wa baba yako. Na usijidanganye kwamba baba yako aliipenda nchi kuliko wewe. Mwenye tisa akitoa wawili anabaki na saba. Wewe ukitoa mmoja unabaki na cherehani. Hofu yako naielewa, wala si dhambi. Dhambi ni kwamba muuza viatu anayo hesabu hiyo hiyo na wewe ukamlipisha yeye. Ulisema watafungasha usiku. Haya, binti kafungasha mchana kweupe, kwenda kambini, na sare umemshonea wewe.

Futi usiisingizie. Ukisema mbovu, wilaya nzima itaitwa kupimwa upya kwa ajili ya kiganja chako.

Mwambie mwanao leo, usingoje Jumamosi. Mkalishe, sema, "Nilidanganya kwa sababu niliogopa kukupoteza," halafu funga mdomo. Yale ya "nilifanya kwa faida yako" yaache. Akikununia, mwache anune, ana haki. Kesho asubuhi nenda kwa karani, ukaseme kwa mdomo wako. Kazi ya sare itakuponyoka, na ni sawa; shona magauni. Kabla ya Jumatatu pita kwa yule mama umwambie pia, umesimama, bila kuleta zawadi. Kama karani atabadili orodha au hataibadili, hilo si lako tena. Kama mwanao bado anataka kwenda, nalo si lako, ni mtu mzima. Na kwenye mkutano ujao wakikuita uzungumzie wageni, kaa kitini.

Najua utasema Shangazi hajui uchungu wa mmoja. Wangu ni mmoja. Aliondoka kwenda kambini wiki tatu zilizopita, na mkanda wa begi nilimfungia mimi. Ningekuwa na futi siku ile, na karani ananisubiri, sijui ningesoma namba gani.